"Jiamini" si ushauri

Msimu wa makongamano ukikaribia, watafiti chipukizi huambiwa neno moja: jiamini. Nimechoshwa na neno hili. Linamwacha kijana aliyesota miaka 3 maabara na vijijini akidhani ana kasoro moyoni, kumbe kasoro iko kwenye slaidi zake, na slaidi hurekebishika.

Umepewa dakika 12: 10 za kuwasilisha, 2 za maswali. Mtu anakuja na slaidi 28. Kichwa cha mistari minne na nembo za wafadhili, mpangilio wa wasilisho, historia ya ugonjwa, malengo mahsusi, mapitio ya machapisho, ramani ya wilaya. Mwenyekiti wa kikao anainua karatasi ya dakika 2, naye ndiyo kwanza anaingia kwenye mbinu. Matokeo, kitu pekee ambacho hakuna mwingine ukumbini anacho, yanapitishwa mbiombio. Inauma kutazama kazi nzuri ikipotea hivyo.

Pigeni hesabu mapema. Ukizungumza kwa utulivu, dakika moja hubeba maneno kama 100 ya Kiswahili, kwa hiyo dakika 10 ni maneno 1,000 tu. Slaidi 8 zinatosha. Anza kutengeneza ile ya matokeo makuu na uyape dakika 4. Kisha jiulize: msikilizaji anahitaji kujua nini ili ayaelewe? Hicho ndicho utangulizi wako, dakika 2. Mbinu dakika 2, maana ya matokeo dakika 2.

Slaidi yenyewe isiitwe "Matokeo", maana hapo hujasema kitu. Andika sentensi yenye kitenzi: "Neti za miaka 2 huua mbu wachache kuliko neti mpya." Chini yake weka grafu moja, si jedwali la safu 9 lililonakiliwa kutoka kwenye tasnifu. Msomaji wa tasnifu anaweza kurudi ukurasa wa nyuma. Aliyeketi mwisho wa ukumbi hawezi. Namba za kwenye grafu zisipungue ukubwa wa maandishi wa pointi 18, na mistari isitofautishwe kwa nyekundu na kijani pekee, kwani wapo wasioziona tofauti. Kisha isomee hadhira mihimili kwanza: "Chini ni umri wa neti, kando ni asilimia ya mbu waliokufa." Vuta pumzi moja, ndipo useme ulichokipata. Wengi huiruka hatua hii, na ukumbi unabaki kuhangaika na mihimili wakati wao wameshafika kwenye hitimisho.

Haya, nakubali, woga upo na mikono hutetemeka. Kariri sentensi 2 za kwanza na ile ya mwisho, basi. Ukikariri hotuba nzima, neno moja likikuponyoka katikati, yote yaliyobaki hukatika. Fanya mazoezi umesimama, kwa sauti, saa ikiwa mbele yako. Anayepitia kimoyomoyo hujidanganya, maana macho hukimbia kuliko ulimi.

Lipo pia zoezi la Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilichoanzisha mwaka 2008 shindano la kueleza tasnifu kwa dakika 3 na slaidi 1. Ukizidisha muda, unaondolewa. Lijaribuni hata kama hamshindani.

Ila ukumbi ninaoujali zaidi ni ule wa chini ya mwembe, siku ya kupeleka mrejesho kijijini. Hapo Kiswahili cha wasomi wengi hukwama, kwa sababu hawakukiandaa. Usugu wa vimelea uelezwe hivi: dawa ni ileile, dozi ni ileile, lakini vimelea havifi. Asilimia 0.8 isemwe watu 8 kati ya 1,000. Sentensi hizi ziandikwe kabla ya safari, zisomwe kwa mtu asiye mtafiti, naye azirudie kwa maneno yake. Akikosea, zibadilishwe. Na huko kijijini maswali yapewe nusu ya muda mzima, maana ndiko mtafiti husikia yale ambayo dodoso lake halikuuliza.