Kofia ya Pembe Nne

Kijana wangu kamaliza chuo mwaka juzi, cheti mpaka leo hakijatoka. Kisa? Kofia. Ile ya mahafali, ya pembe nne, yenye kauzi kananing'inia kama mkia wa mbuzi mgonjwa. Chuo kinasema joho lilirudi, kofia haikurudi. Kijana anasema alirudisha vyote, karani akaandika kimoja. Alipe elfu thelathini au akae bila cheti. Basi anakaa. Anakaa kwangu, anakula kwangu.

Mama watoto akasema, "Baba Hamisi, si ulipe tu?" Nikamwambia hili ni suala la haki. Akaniuliza haki inaliwa na mboga gani.

Hasira zangu zina sababu. Ada ya mtoto huyu imetoka kwenye korosho, gunia kwa gunia. Kuna mwaka malipo ya mnada yalichelewa, nikawakimbilia kangomba, wale walanguzi wa korosho, wakanipimia kwa bakuli lenye tumbo kama la mjamzito wa mapacha. Nililia, lakini ada ililipwa. Leo nishindwe na kofia?

Halafu pale kijiweni Chikongola, kwenye kahawa, redio ilishatuambia kwamba chuo cha Harvard cha Marekani kiliishitaki Serikali yao mwaka 2025, kisa fedha za utafiti zaidi ya dola bilioni 2, na jaji akawapa ushindi. Nikasema kumbe mambo ya vyuo yanazungumzika mahakamani!

Nikaenda kwa wakili, kijana mdogo, tai ndefu.

"Mzee wangu, chuo chenyewe ni cha umma. Tangu sheria irekebishwe 2020, kukishitaki ni kuishitaki Serikali. Kwanza unatoa notisi ya siku 90. Halafu unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali."

Yaani wenzetu chuo kinaishitaki Serikali, mimi nikikigusa chuo nimeigusa Serikali! Na Mwanasheria Mkuu, mtu wa mikataba mizito, gesi ya Mnazi Bay na mengineyo, nimwite aje kutafuta kofia?

"Na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu."

Hapo nikachangamka. Mahakama Kuu si ipo hapa hapa Mtwara? Naenda kwa miguu.

"Hapana mzee. Inafunguliwa kule madai yalikotokea."

Kofia ilitokea Dar. Kilomita zaidi ya 550. Nauli ya kwenda na kurudi ni kofia mbili, na chenji ya soda inabaki. Bei ya kuandikiwa notisi siitaji, kuta za nyumba hii zina masikio.

Notisi ikaenda. Ili nisipotee hesabu, kila asubuhi nikawa natia korosho moja kwenye kopo la maziwa. Zikifika 90, naamka.

Juzi narudi shamba, nakuta kopo tupu, jikoni kunanukia. Mama watoto kazikaanga zote kumkirimu mgeni.

Mgeni mwenyewe karani wa wakili, kaja kudai salio. Anatafuna siku zangu, ananiambia, "Mzee, tamu kweli, zimebaki?"