Betri Iliyoibwa na Kubaki Ndani ya Gari

Jumamosi ya kwanza tangu ninunue Mazda Roadster ya mwaka 2001, gari jekundu la viti viwili ambalo mke wangu aliniuliza bei yake mara tatu akidhani amesikia vibaya, niliamka mapema, nikavaa miwani ya jua ningali chumbani, kisha nikatoka kwenda kuwaonyesha watu wa Tabata kilichoingia mtaani kwao. Nilizungusha ufunguo. Gari lilisema "tik", na taa za dashibodi zikafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta.

Kwa kuwa majirani wawili walikuwa wameshasogea, nilifungua boneti kwa madaha ya mtu anayejua anachokitafuta. Injini ilikuwapo, rejeta ilikuwapo, hata kopo la maji ya vioo lilikuwapo. Betri haikuwapo.

"Nimeibiwa!" nikapiga kelele.

Mlinzi wetu, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuja mbio na rungu lake mkononi. "Kijana wangu, humu hakuingia hata paka," alisema. Nilianza kumhoji kwa namna ambayo kila nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke: nilimuuliza alilala saa ngapi, nikamuuliza kama anajua bei ya betri, nikamuuliza na ile bodaboda iliyosimama getini usiku ilikuwa imemleta nani. Jirani mmoja akatufafanulia kwamba wezi wa siku hizi ni wastaarabu, wakishachukua betri hurudishia boneti taratibu. Tulikuwa tunatafuta namba ya simu ya mjumbe, pale mtoto wa darasa la tatu alipochungulia dirishani mwa gari akauliza, "Anko, kama betri imeibwa, hizi taa zinawaka kwa nini?"

Watu wazima sita tulitazama chini.

Fundi umeme alipofika hakuigusa boneti. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akafungua buti, akaondoa begi langu la mazoezi, akafunua zulia upande wa kulia, na hapo palikuwa na betri ndogo, imetulia kama mwari. "Bosi, hizi betri yake inakaa huku," alisema kwa upole ulioniumiza kuliko tusi. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, na pumzi zake nilizisikia shingoni.

Mita ilisoma volti 11.4, wakati betri iliyojaa husoma kama 12.6. Tuliibusti kwa nyaya kutoka betri ya Noah ya jirani, gari likawaka, na mita ikapanda hadi 14.2, ikawa wazi kwamba alternata, kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, haina kosa. Kulikuwa na kitu kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Fundi alikitazama kitaa kidogo cha butini, ambacho mwenye gari wa zamani alikiunganisha mwenyewe, akaniuliza kama huzimika buti likifungwa.

"Bila shaka," nikajibu.

"Umewahi kuwa humo ndani likiwa limefungwa?"

Alichukua simu yangu, akaiwasha irekodi video, akaiweka juu ya begi na kufunga buti. Baada ya dakika moja tuliitazama video hiyo sote, pamoja na mzee na yule mtoto, na giza halikutokea hata kidogo. Viatu vyangu vya mpira vilionekana vizuri kabisa. Kitaa cha wati 5 hula takriban ampea 0.4, na betri ile ilikuwa ya ampea-saa 36, yaani ingetoa ampea moja kwa saa 36, kwa hiyo saa 90 tu zilitosha kuikausha, nami nililiegesha gari tangu Jumatatu. Swichi ya kifuniko cha buti, ambayo ilitakiwa kukizima kitaa, ilikuwa imekwama.

Jioni nilimpelekea mzee kilo mbili za sukari na maneno mengi ya kuomba radhi. Alizipokea zote mbili, sukari na radhi. Lakini hadi leo, kila asubuhi ninapotoka, humkuta amesimama wima karibu na buti, rungu begani, akitangaza kwa sauti inayofika barabarani: "Betri ipo, kijana wangu! Na wewe, jana ulilala saa ngapi?"