Simu kwa Simu: Anayedai Ufunguo wa Tatu Atueleze ya Athens

Kila inapofunguliwa kesi kubwa ya dawa za kulevya, au linapotokea shambulio la kigaidi, malalamiko ya wapelelezi ni yaleyale: kibali cha hakimu tunacho, namba ya mtuhumiwa tunayo, mazungumzo yake hatuyapati. Zamani mpelelezi alikwenda na hati yake kwenye kampuni ya simu, akaunganishiwa laini, akasikiliza. Siku hizi mtuhumiwa anapiga kwa WhatsApp au Signal, na kampuni haina la kumwambia hakimu kuhusu yaliyosemwa. James Comey, alipokuwa mkurugenzi wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, alionya mwaka 2014 kwamba vyombo vya dola vinaingia gizani. Dawa inayopendekezwa ni ufunguo wa tatu: simu mbili zifiche mazungumzo yao zitakavyo, ila pawepo njia ya kuyafungua, itumike kwa amri ya mahakama tu.

Kwa raia asiye na kesi dai hilo linasikika la haki, na anayelipinga ndiye anayeonekana ana lake jambo. Nadhani hapo ndipo mjadala unapopinda. Wahandisi wanaoukataa ufunguo wa tatu hawasemi polisi wasipeleleze. Wanasema mtambo haujui kusoma kibali: ukishaweza kumfungulia ofisa, utamfungulia yeyote atakayejua kubisha hodi kama ofisa. Hilo si suala la kumwamini au kutomwamini polisi, na kwa bahati mbaya ni gumu kulieleza kwenye kipindi cha redio cha dakika tano.

Tuangalie kwanza usimbaji, yaani kuyageuza mazungumzo yawe fumbo kwa asiye na ufunguo, unaishia wapi. Simu ya kawaida ya mtandao wa GSM husimbwa, lakini kati ya mkono wako na mnara tu. Sauti ikishaingia kwenye mitambo ya kampuni inafunguliwa, inapita wazi, kisha inafichwa upya ikitoka kwenye mnara wa mwenzako. Kusimba simu kwa simu ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1976 watafiti Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia inayowezesha pande mbili kupata ufunguo mmoja bila ufunguo huo kupita njiani: kila upande unajichagulia namba ya siri, unatuma tokeo la hesabu iliyofanywa kwa namba hiyo, na kutokana na tokeo la mwenzake unafika kwenye jibu lilelile. Aliye katikati anaona kila kilichopita na bado hawezi kulipata jibu. Ufunguo unazaliwa kwenye simu mbili na kufia humo. Ndiyo maana WhatsApp, tangu Aprili 2016 ilipokamilisha kazi hii kwa watumiaji wake wapatao bilioni moja, haina mazungumzo ya kumkabidhi hakimu hata ikitaka.

Sasa Athens, na hapa nitakaa.

Ericsson ya Sweden iliiuzia Vodafone ya Ugiriki mitambo ya kuunganisha simu. Mitambo hiyo ilibuniwa iweze kunasa mazungumzo kwa ajili ya vyombo vya sheria, na kazi hiyo iligawanywa sehemu mbili. Ya kwanza, iliyo ndani kabisa ya mtambo, hutoa nakala ya sauti na kuielekeza kwingine. Ya pili ni programu ya usimamizi: hiyo ndiyo inayopokea amri, kuonyesha orodha ya namba zinazosikilizwa na kuacha kumbukumbu ya nani aliamuru nini. Mwaka 2003 programu za mitambo zilipohuishwa, sehemu ya kwanza iliingia pamoja na mengine yote. Ya pili iliuzwa kivyake, na Vodafone ilikuwa haijainunua. Kwa hiyo nyumba ilipata mlango wa uani wenye bawaba na kitasa, bila bawabu na bila daftari la wageni.

Kuna waliougundua. Katika miezi ya kuelekea Michezo ya Olimpiki ya Agosti 2004 waliingiza ndani ya mitambo programu yao ya mistari ipatayo 6,500, iliyoamsha kile kipande cha kunakili sauti na kujificha kiasi kwamba fundi akiorodhesha programu zinazofanya kazi, yao haionekani. Zaidi ya simu 100 zikaanza kutoa nakala. Miongoni mwake ilikuwa ya waziri mkuu Kostas Karamanlis, ya mkewe, za mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na sheria, na ya meya wa jiji. Nakala zilipelekwa kwenye simu kumi na kadhaa za malipo ya kabla. Hakuna aliyeshtuka mpaka Januari 2005, wadukuzi walipokuwa wakihuisha programu yao wakakosea kitu, na ujumbe mfupi wa watu wasiohusika ukaanza kutofika. Machi, Ericsson ilipoikuta programu hiyo, Vodafone iliamuru iondolewe mara moja, na nafasi ya kuwafuata wenyewe ikapotea hapo. Siku iliyofuata Kostas Tsalikidis, meneja wa mipango ya mtandao wa kampuni, alikutwa amekufa nyumbani kwake. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Ugiriki haikukichunguza kifo hicho ipasavyo. Wananchi wenyewe waliambiwa habari ya simu Februari 2006, na kampuni ikatozwa faini ya euro milioni 76.

Ninachokirudia kila ninapoisoma habari hii ni kwamba hakuna siri ya hesabu iliyovunjwa. Simu ya waziri mkuu ilikuwa imesimbwa hadi mnarani, kama ya muuza samaki wa bandari ya Piraeus. Aliyemsikiliza hakuhitaji kompyuta za ajabu wala kuegesha gari lenye antena nje ya ofisi yake. Alitumia kazi ya mtambo iliyowekwa kwa ajili ya sheria, katika kampuni ambayo ilikuwa bado haijawa na chombo cha kuiendeshea. Pigeni hesabu: polisi hawakufaidika na kesi hata moja kwa mlango huo, na waziri mkuu na mawaziri wake kadhaa walisikilizwa kwa miezi. Lau simu zile zingekuwa zimesimbwa moja kwa nyingine, mistari yote 6,500 ingenakili mchakacho usiomfaa mtu.

Utajibiwa kwamba ule ulikuwa uzembe: wangenunua sehemu ya pili, wangeweka kumbukumbu, wasingedukuliwa. Uzembe ulikuwepo, sikatai. Basi tuitazame nchi isiyoweza kusingizia umaskini wala uchanga. Marekani ilipitisha mwaka 1994 sheria iitwayo CALEA, inayozilazimisha kampuni za simu kujenga uwezo wa kunaswa kwa amri ya mahakama. Miaka 30 ya kujifunza, wataalamu wa kila aina, bajeti zisizo na kifani. Vuli ya 2024 ikabainika kwamba wadukuzi waliopewa jina la Salt Typhoon, ambao Marekani inawahusisha na China na China inakanusha, wamo ndani ya mitandao ya kampuni kubwa za simu, zikiwemo AT&T na Verizon. Novemba mwaka huo FBI na wakala wa usalama wa mtandao, CISA, zilitamka kwamba wadukuzi walinakili pia taarifa zilizohusu maombi ya vyombo vya dola yaliyotolewa kwa amri za mahakama. Yaani aliyeingia alikuwa katika nafasi ya kujua Marekani inamchunguza nani. Kisha Desemba CISA ikatoa mwongozo kwa viongozi wanaolengwa: tumieni mawasiliano yaliyosimbwa mwisho hadi mwisho, yaani simu kwa simu, pekee. Serikali iliyolalamika miaka kumi kwamba usimbaji huo unaipofusha ikawaomba wakubwa wake wajifiche ndani yake. Sijui hoja gani ya mhandisi ingesema zaidi.

Wazo la kuutunza ufunguo wa tatu mahali salama nalo lilishajaribiwa, kwenye simu hasa. Mwaka 1993 serikali ya Bill Clinton ilitangaza chipu ya Clipper, iliyowekwa kwenye kifaa cha AT&T cha kuchomeka kwenye simu ya mezani. Ufunguo wa kila chipu uligawanywa nusu mbili, kila nusu ikawekwa katika idara yake. Mwaka uliofuata Matt Blaze, aliyekuwa mtafiti katika AT&T yenyewe, alionyesha kwamba mtumiaji angeweza kubaki na usimbaji huku akiipa mashine ya serikali utambulisho wa bandia. Wanunuzi hawakuitaka, na mradi ukafa polepole. Mwananchi mtiifu angebaki na ufunguo serikalini, mhalifu mwenye fundi asingebaki nao.

Upande wa polisi lakini una hoja moja ambayo watetezi wa faragha huipita mbio, nayo ni watoto. Mwaka 2023 kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na walionyanyaswa, NCMEC, kilipokea ripoti milioni 36.2 za tuhuma za unyanyasaji wa watoto mtandaoni, na sehemu kubwa mno hutoka kwenye kampuni zinazoona kinachopita kwenye majukwaa yao. Desemba mwaka huohuo Meta ilianza kusimba Messenger kwa wote. Kampuni isipoona, ripoti za namna hiyo hupungua, na nyuma ya baadhi yake kuna mtoto. Zipo njia nyingine, kama kitufe cha kuripoti na mwenendo wa akaunti inayowatafuta watoto, lakini mwenye kusema zinaziba pengo lote anajidanganya. Hiyo ni gharama, na atakayekubaliana nami kuhusu Athens anakubali kuibeba.

Kuhusu magenge ya dawa za kulevya, nina huruma ndogo zaidi. EncroChat ilikuwa simu maalumu ya kusimba iliyopendwa na wahalifu wa Ulaya. Mwaka 2020 polisi wa Ufaransa na Uholanzi waliipenya, wakaingiza programu kwenye simu zenyewe, wakawa wanasoma. Hadi Juni 2023 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilihesabu watu 6,558 waliokamatwa na takriban euro milioni 900 zilizozuiwa au kutaifishwa. Mwaka 2021 ikajulikana kwamba ANOM, simu nyingine ya aina hiyo, ilikuwa inaendeshwa na FBI yenyewe: ujumbe milioni 27, zaidi ya watu 800 wakakamatwa. Katika mambo yote mawili hakuna bunge lililodhoofisha simu za watu wengine wote. Giza la Comey lina taa nyingi kuliko alivyosema. Kumbukumbu za nani kampigia nani bado zipo, mahali simu ilipo bado panajulikana, na simu yenyewe ikishikwa mkononi mara nyingi hufunguka.

Huku kwetu Afrika Mashariki mjadala huu hauna sauti kubwa, na mitambo ni ileile. Kampuni zetu hununua kwa Ericsson, Nokia, Huawei na ZTE, na viwango vya kimataifa vya mitandao ya simu vina sura nzima ya unasaji. Sheria ya Uganda ya 2010 ya kudhibiti unasaji wa mawasiliano inawataka watoa huduma wahakikishe mifumo yao inanasika. Anayetuma pesa kwa menyu ya nyota na reli anaipitisha namba yake ya siri kwenye njia ambayo usimbaji wake hauanzii kwenye simu na kuishia kwa mpokeaji. Baada ya mnara ni kuaminiana. Mtu wa Tanga anayempigia dada yake kwa WhatsApp analindwa vizuri kuliko waziri wa Ugiriki wa 2004, na pengine hajui.

Pendekezo la werevu kuliko yote, kwa upande wa dola, lilitoka Uingereza Novemba 2018. Ian Levy na Crispin Robinson wa GCHQ, shirika la ujasusi wa mawasiliano la nchi hiyo, walisema hawataki kudhoofisha hesabu yoyote. Kampuni iongeze tu msikilizaji wa tatu kwenye mazungumzo, kimyakimya, na mwenye simu asionyeshwe. Mei 2019 kampuni, mashirika na wataalamu 47, wakiwemo Apple, Google na WhatsApp, waliwaandikia kulipinga. Nalielewa pingamizi lao hivi: Diffie na Hellman waliacha tundu moja, kwamba huwezi kujua namba uliyopokea ni ya mwenzako au ya mtu aliyejipachika katikati. Ndiyo maana mtaalamu wa usimbaji Phil Zimmermann, katika ZRTP, kanuni zake za 2006 za kusimba simu, aliwataka wenye simu wasomeane maneno mafupi kwa sauti, na ndiyo maana WhatsApp na Signal zina tarakimu 60 za kulinganisha. Pendekezo la GCHQ linahitaji simu imdanganye mwenyewe pale pale anapouliza ni nani yumo. Simu ikishafundishwa kudanganya kwa London, miji mingine nayo itaomba.

Kama polisi wanataka kitu cha kujadiliwa, kijadiliwe cha kuingia simu moja ya mtuhumiwa mmoja. Nacho kina hatari zake: mwaka 2019 WhatsApp iliishtaki NSO Group ya Israeli kwa kulenga watumiaji wapatao 1,400 kwa programu yake ya kijasusi, Pegasus, wakiwemo waandishi wa habari na watetezi wa haki. Lakini kudukua simu moja moja ni ghali, na ughali huo unamlazimisha anayedukua kuchagua. Sheria ikiandikwa, iseme hakimu gani anasaini, kwa kosa la uzito gani, kwa siku ngapi, na mtu asiyekutwa na hatia anaambiwa lini kwamba simu yake iliingiliwa.