Mvulana Asiyeulizwa Jina

Kila ninapowasikiliza wanafunzi wa fasihi hapa Nairobi wakijadili Lord of the Flies, riwaya ya William Golding iliyotoka mwaka wa 1954 kuhusu wavulana waliokwama kisiwani bila mtu mzima, jedwali huwa limekwisha kuchorwa ubaoni: Ralph ni demokrasia, Jack ni udikteta, Piggy ni akili, Roger ni ukatili. Jedwali hilo si la uongo, kwa kuwa mwandishi aliwapanga wavulana wake kisiwani ili kila mmoja abebe jambo lililo kubwa kuliko umri wake. Hata hivyo, naamini linatuficha mahali hasa ambapo ustaarabu wao ulianza kuporomoka.

Mtazame Piggy kwa karibu. Ni mnene, ana pumu, amelelewa na shangazi yake, na bila miwani haoni mbele. Mwanzoni kabisa anamnong'oneza Ralph kwamba shuleni walimbandika jina hilo la Piggy, yaani kinguruwe, akimsihi asiwaambie wengine. Ralph anacheka, na muda si muda anawatangazia wote. Jina lake halisi hatulipati kamwe, hata riwaya inapokwisha. Wakati huo Jack hajajipaka rangi usoni, hakuna mnyama aliyechinjwa, na lile kombe kubwa la baharini linalopulizwa kama baragumu kuitisha baraza ndiyo kwanza limelia. Aliyemvunjia mwenzake heshima ni kiongozi mwema, yule yule tunayemwandika ubaoni kuwa demokrasia.

Roger naye hakuanza na mauaji. Kuna wakati anamrushia mawe Henry, mtoto mdogo anayecheza ufuoni, lakini anayakosesha makusudi, akiacha duara ambalo mkono wake hauthubutu kulivuka, kana kwamba wazazi, walimu na polisi wangali wameushika. Baadaye Roger huyo huyo anaegemeza uzito wake kwenye wenzo, jabali linamwangukia Piggy, na kombe linavunjika vipande vipande. Duara limekwenda wapi? Kwa maoni yangu, Piggy alikuwa ametolewa nje yake siku nyingi. Usiku mmoja Jack na wenzake walimvamia wakamnyang'anya miwani, ambayo vioo vyake viliwashia moto, kwa sababu walichohitaji kwake ni moto, si yeye.

Sisi tuliokuwa Nairobi mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tunalijua jambo hili bila kusomewa. Vijana waliziba barabara wakidai vitambulisho, na jina la ukoo likatosha kumgeuza fundi wa viatu au mama mboga kuwa kabila zima. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Kumfanya mtu awe ishara tupu ya kitu kingine ni kazi nyepesi, na waliobeba mapanga waliifanya haraka kuliko mwalimu yeyote wa fasihi.

Ndiyo maana hunichoma somo linapofungwa kwa kusema kwamba Piggy ni akili, basi. Huko ni kumfanyia walichomfanyia wenzake, yaani kuchukua miwani na kumwacha mwenye miwani gizani. Mwishoni, ofisa wa jeshi la wanamaji anapofika ufuoni, Ralph anaangua kilio, na miongoni mwa anayoyalilia ni kifo cha rafiki wa kweli aliyekuwa na busara. Hata hapo, hana jina jingine la kumlilia ila lile la nguruwe.