Mwenzi wa rais wa chuo kikuu: alipwe au ajitolee?

Bodi za wadhamini za vyuo vikuu vya Marekani huajiri rais mmoja, na mara nyingi hutegemea kazi ya watu wawili. Rais ana mkataba. Mwenzi wake hana, lakini ndiye anayepokea wafadhili kwenye makazi rasmi, anayepanga nani akae na nani mezani na anayesafiri kukutana na wahitimu wa zamani.

Wanaotaka alipwe wana hoja nzito. Aliyeacha ajira yake kumfuata rais amepoteza mshahara pamoja na michango ya uzeeni. Tena akiumia wakati wa kuandaa hafla, huenda bima ya ajali kazini isimhusu, maana kwa kawaida hiyo ni ya waajiriwa.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Mwajiriwa lazima awe na msimamizi, na rais hawezi kumpima kazi mtu anayeishi naye. Kisha kuna wenzi wasiotaka kazi hiyo kabisa: Hanna Gray alipoongoza University of Chicago, 1978 hadi 1993, mumewe Charles alikuwa profesa wa historia hapo hapo. Mshahara ukishawekwa, ni rahisi uhudhuriaji ugeuke wajibu hata kwa mtu wa namna hiyo.

University of California ilichagua njia ya kati: sera inayompa mwenzi cheo kisicho na mshahara na kumrudishia gharama za shughuli rasmi. Mimi naiunga mkono njia hii, ila kwa mwenzi anayebeba hafla wiki baada ya wiki haitoshi. Huyo aajiriwe, kwa saa zilizotajwa, na aripoti kwa mwenyekiti wa bodi au makamu wa rais.

Panapoharibika zaidi ni safari. Chuo kikimlipia mwenzi nauli bila sababu halisi ya kikazi, fedha hiyo huhesabiwa kuwa kipato cha rais na hutozwa kodi. Kuandamana tu na rais kwenye chakula cha jioni ni sababu dhaifu. Lengo la safari, ratiba na majina ya watakaoonwa viandikwe kabla ya tiketi kukatwa. Maelezo yanayotungwa baadaye ndiyo wakaguzi huyatilia shaka. Vyuo binafsi visivyo vya faida huulizwa waziwazi kwenye Fomu 990, taarifa ya kila mwaka inayopelekwa kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, katika Jedwali J, kama viligharamia safari za wenzi au makazi.

Haya yote yajadiliwe kabla rais hajatia sahihi, kwa sababu baada ya hapo familia haina tena nguvu ya kudai. Kifungu kinachosahaulika mno ni cha nyumba. Rais akifariki au ndoa ikivunjika, mwenzi anaweza kutakiwa kuhama upesi kutoka nyumba aliyoihudumia kwa miaka. Mkataba utaje idadi ya siku atakazobaki, nani atalipia kuhamisha vyombo, na bima ya afya itaendelea hadi lini.