Kukataza au Kuruhusu: Suala la Mirth Connect

Mirth Connect ni programu inayounganisha mifumo ya hospitali: majibu ya maabara hutoka katika mfumo mmoja, hupitia humo, kisha hufika kwenye faili la mgonjwa katika mfumo mwingine. Mwaka 2023 ilibainika kwamba seva yake ilipopokea ujumbe wa XML (data iliyoandikwa kwa maandishi yenye lebo), XStream, maktaba ya msimbo inayotumiwa na programu hiyo, iliugeuza kuwa objekti za Java, yaani vipande vya data ambavyo programu huvifanyia kazi, kabla mtumaji hajaulizwa nenosiri. Kwa kuwa ujumbe wenyewe ndio unaotaja klasi, yaani violezo vya objekti zitakazoundwa, yeyote aliyeweza kuifikia seva hiyo aliweza kuzifungamanisha klasi ambazo kila moja peke yake haina madhara, zikaishia kutekeleza amri yake.

Toleo la 4.4.0 lilijibu kwa orodha ya klasi zilizokatazwa. Watafiti wa Horizon3, kampuni ya usalama wa mtandao, wakapata njia nyingine kupitia klasi zisizokuwamo katika orodha hiyo, na udhaifu huo ukasajiliwa kama CVE-2023-43208 (namba za CVE hutambulisha udhaifu wa programu unaojulikana hadharani). Ndipo toleo la 4.4.1 likageuza utaratibu, zikapita zile tu zilizoruhusiwa.

Wanaotetea orodha ya kukataza wana hoja isiyopaswa kubezwa. Programu ya aina hii huongezewa vipengele na watu wengi, na klasi moja halali ikisahaulika katika orodha ya kuruhusu, ujumbe hukwama na daktari hubaki akisubiri majibu. Orodha ya kukataza huingia kazini siku hiyohiyo bila kuvuruga chochote, na hiyo si faida ndogo wakati wavamizi wanabisha hodi.

Hata hivyo, naiona hoja hiyo kuwa inafaa kwa dharura ya siku chache tu. Anayelinda analazimika kuijua kila klasi hatari iliyomo katika kila maktaba, ilhali mshambuliaji anahitaji moja iliyosahaulika. Kampuni ya Oracle iliziba udhaifu wa CVE-2015-4852 katika WebLogic, seva yake ya kuendeshea programu, kwa kukataza klasi, na mwaka uliofuata udhaifu mwingine, CVE-2016-0638, ukakikwepa kiraka hicho. XStream yenyewe iliacha kutegemea orodha ya kukataza tangu toleo la 1.4.18 la mwaka 2021, kwa hiyo onyo lilikuwapo miaka miwili kabla.

Orodha ya kuruhusu nayo hulegea kadiri watengenezaji wanavyoongeza majina bila kuyakagua. Tena, hata ikiwa kamili, haihalalishi kuufungua ujumbe wa mtu ambaye bado hajatambuliwa. Ukaguzi wa nenosiri ulipaswa kutangulia.