Neno Mogadishu mdomoni mwa Mjerumani

Mara ya kwanza kumsikia Mjerumani akilitaja jina Mogadishu huku uso umemkunjuka, nilidhani sikusikia vizuri. Sisi Wakenya jina hilo linakuja na mambo mengine: wanajeshi wetu kuvuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, na mashambulizi yaliyotufuata hadi nyumbani. Lakini mzee huyu ninayefanya naye kazi hapa Munich alikuwa kijana mdogo mwaka 1977, na kwake Mogadishu ni usiku mmoja tu, wa kuamkia tarehe 18 Oktoba. Kikosi cha GSG 9, makomando wa Ujerumani Magharibi wa kupambana na ugaidi, kiliingia ndani ya Landshut, ndege ya Lufthansa iliyokuwa imetekwa kwa siku 5 na kuzungushwa Rome, Larnaca, Bahrain, Dubai na Aden, kikawatoa abiria wote 86 wakiwa hai. Rubani Jürgen Schumann hakuwemo kati ya waliopona. Alikuwa ameshauawa Aden, mbele ya macho ya abiria wake.

Nasimulia haya kwa sababu nimechoka na ule wimbo wetu wa ughaibuni: "Wenzetu huku wamejipanga." Kila kukitokea balaa nyumbani, mtu huku anaandika hivyo na wengine wanaitikia. Hebu waulize hao wenzetu GSG 9 ilitoka wapi. Ilizaliwa na aibu.

Tarehe 5 Septemba 1972, katikati ya Olimpiki za hapa Munich, hizi hizi ambazo Kipchoge Keino alitutwalia dhahabu, watu 8 wa kundi la Kipalestina la Septemba Nyeusi waliingia kwenye makazi ya wanamichezo wa Israeli, nyumba namba 31 mtaa wa Connollystraße. Waliwaua wawili na kuwashika mateka 9. Polisi walipanda paa wakiwa wamevaa nguo za michezo, na runinga zikawa zinawaonyesha moja kwa moja, kumbe hata ndani ya vyumba runinga zilikuwepo! Usiku, kwenye uwanja wa ndege wa Fürstenfeldbruck, walipangwa wadunguzi 5 wakabiliane na watekaji 8, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahesabu sawasawa. Hawakuwa na hata simu ya upepo ya kuambiana nani ampige nani. Polisi waliojificha ndani ya ndege iliyoandaliwa kama mtego waliamua wenyewe kushuka na kuondoka. Magari ya deraya yalichelewa, yamekwama kwenye msongamano wa watu waliokuja kutazama. Mateka wote 9 walikufa, na askari polisi mmoja pia.

Ukinisimulia hayo bila kutaja jina la nchi, ningeapa ni kwetu.

Wiki 3 baadaye GSG 9 ikaundwa. Hapo Wajerumani wanastahili sifa. Lakini kwa familia za waliouawa walikuwa wagumu kama jiwe: miaka 20 ilipita kabla nyaraka za polisi hazijaanza kuwafikia, na ombi la msamaha kutoka kwa Rais Steinmeier, pamoja na fidia ya yuro milioni 28, vilikuja mwaka 2022. Nusu karne! Mnara wa kumbukumbu ndani ya Olympiapark ulifunguliwa 2017. Huwa napita hapo jioni nikikimbia. Umechimbwa ubavuni mwa kilima chenye nyasi, na kila mmoja wa wale 12 amewekewa picha na maisha yake.

Westgate, lile jengo la maduka Nairobi, ilipovamiwa na magaidi Septemba 2013, nilikuwa tayari huku. Siku 4 nilizikaa na simu mkononi. Idadi ya magaidi ilikuwa ikibadilika kila waziri akishika kipaza sauti: mara 10, mara 15. Mwishowe tukaambiwa ni 4. Watu 67 waliuawa. Kamera zikawaonyesha wanajeshi wakitoka dukani na mifuko, na maelezo tuliyopewa yalikuwa kwamba walichukua maji ya kunywa. Rais Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi, haikuundwa. Ripoti ya kamati ya Bunge nayo ikatupwa na wabunge wenyewe. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Garissa: 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, huku kikosi cha Recce, makomando wa polisi wetu, kikisubiri ndege Nairobi kwa saa nyingi.

Na bado sitasema hatukujifunza, maana shambulio la hoteli ya Dusit, Nairobi, mwaka 2019 ilikuwa habari nyingine kabisa. Kazi iliisha kwa saa 19 hivi, mamia wakatolewa salama, ingawa 21 hawakurudi makwao. Kuna watu pale Nairobi walikaa chini wakarekebisha makosa. Tunachokosa ni kuyaandika makosa yenyewe, na tabia hiyo haikuanza na Westgate. Mwaka 1976 ndege za Israeli zilipotoka uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, na mateka wao waliookolewa, zilijaza mafuta Nairobi. Idi Amin akalipiza kwa Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Sijawahi kuona majina yao mahali popote. Wale wa Westgate angalau wana kibao msituni Karura.

Mzee wangu wa kazini aliniuliza kuhusu Westgate, kwa udadisi tu, si kwa dharau. Alitaka kujua kwa nini ilichukua siku 4. Nikamweleza kwamba Recce walikuwa wameshaingia na kuwabana magaidi, kisha jeshi likafika, wakapigana risasi wao kwa wao, kamanda wa Recce akauawa, vijana wake wakatoka nje. Akauliza nani aliamua jeshi liingie wakati polisi wako ndani.

Nilimwambia swali hilo tulilitengea tume.